Zamu na Sahihi

Chumba cha chai cha ghala letu kilikuwa na redio moja, imefungwa kwa waya juu ya mlango, na muda wote niliofanya kazi pale ilipiga muziki tu. Jioni ya tarehe 12 Novemba 2020 kaka mmoja tuliyekuwa naye zamu moja alibadilisha stesheni bila kumuuliza mtu, akavuta kiti cha plastiki, akakaa chini yake kimya, kama wazee wa nyumbani walivyokuwa wakikaa kusikiliza matangazo ya vifo.

"Kaka, kuna nini?"

"Dada yangu, imebaki saa moja wafunge dirisha."

Nilidhani anazungumzia usajili wa Ulaya. Kumbe ni mpira wao hawa wenyeji wetu, ule wa Australia, wa mpira wenye umbo la yai, uwanja wa duara, watu 18 kila upande na milingoti minne kila goli. Nilikuwa nimeishi Melbourne miaka mitatu na bado nilikuwa napita mbele ya televisheni kama kipofu. Yeye ni mtu wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya Kakuma, kule Turkana, na Kiswahili chake ni cha Kenya kabisa. Pale ghalani, magharibi mwa jiji, ndiyo ilikuwa lugha yetu ya kupumzikia.

"Kuna kijana wetu amehama wiki hii," akaniambia. "Amezaliwa Kakuma. Kakuma hiyo hiyo yangu. Aliir Aliir. Ametoka Sydney, ameenda Port Adelaide."

"Ameuzwa bei gani?" Ndivyo tunavyouliza sisi tuliolelewa na Simba na Yanga.

"Hakuuzwa. Sydney wamepewa zamu."

Sikuelewa, naye hakuwa na haraka ya kunieleza, maana masikio yake yalikuwa redioni. Lakini neno hilo, zamu, lilinifungulia mlango ambao magazeti ya Melbourne yalikuwa yamenifungia miaka mitatu.

Jambo lenyewe ni hivi. Katika ligi yao kuu, AFL, hakuna pesa inayotoka klabu moja kwenda nyingine kununua mchezaji. Hakuna ada ya uhamisho. Badala yake kila mwaka, msimu ukiisha, vijana waliotimiza miaka 18 huingia kwenye drafti. Si ile drafti yetu ya barazani ya vizibo vya soda. Hii ni foleni. Klabu 18 zinajipanga kinyumenyume: aliyeshika mkia anachagua kijana wa kwanza, bingwa anachagua wa mwisho, kisha foleni inarudi mwanzo kwa raundi ya pili, na ya tatu, hadi klabu zitosheke. Nafasi yako kwenye foleni hiyo ndiyo mali. Unaweza kuitumia mwenyewe, au ukampa mwenzako akakupa mchezaji wake. Tangu 2015 unaweza hata kutoa zamu ya mwakani, ambayo hakuna ajuaye itaangukia wapi, kwa sababu inategemea utamaliza msimu ukiwa wa ngapi.

Mwaka huohuo ligi ilizipa zamu bei kwa alama. Ya kwanza ilihesabiwa alama 3,000, ya pili 2,517, zikaendelea kuteremka. Haja yake ilitokana na desturi moja ninayoipenda sana: mtoto ambaye baba yake aliichezea klabu mechi 100 au zaidi anaweza kuchukuliwa na klabu ya babaye, hata kama wengine wako mbele kwenye foleni. Ila klabu haipewi bure. Mwingine akimtaka kijana huyo kwa zamu namba 5, klabu ya baba lazima itoe zamu zake za chini zenye alama zinazokaribia kutosha. Ni kama kulipa noti kubwa kwa sarafu ndogondogo.

Sasa mrudie Aliir. Sydney walimchukua kwenye drafti ya 2013, zamu namba 44, akitokea East Fremantle kule mwisho wa magharibi ya nchi. Mwaka 2020 Port Adelaide walimpata kwa zamu moja tu ya raundi ya pili ya mwaka uliofuata. Msimu wake wa kwanza na klabu hiyo mpya, 2021, akatajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Port Adelaide waliokota dodo chini ya mwarobaini, na sijui kama Sydney walilala vizuri mwaka ule.

Lakini jioni ile redio haikuwa inamsema Aliir. Ilikuwa inamsema Adam Treloar.

Huyu alikuwa kiungo wa Collingwood, klabu yenye mashabiki wengi kupindukia na maadui wengi vilevile, na alikuwa na mkataba hadi mwisho wa 2025. Miaka mitano mbele. Klabu yake mwenyewe ikawa inamtaka aondoke. Kuelewa kwa nini, inabidi uingie jikoni kwenye kitu wanachokiita kikomo cha mishahara. Kila klabu ina kiasi ambacho haitakiwi kukipita kwa mwaka kulipa wachezaji wake wote, zaidi ya 40. Wakati ule kilikuwa karibu dola milioni 13 za Australia. Tena kuna sakafu: lazima ulipe angalau asilimia 95 ya kikomo hicho, ili klabu isije ikabana pesa na kuwanyonya vijana. Klabu tajiri na klabu maskini zinakula kwenye sahani yenye ukubwa mmoja.

Sahani ikiwa moja, ujanja unahamia kwenye kalenda. Mchezaji anataka pesa nyingi na mwaka huu nafasi haipo? Mpe mkataba mrefu, mwanzoni kidogo, mwishoni nyingi. Ni mkopo unaojikopesha mwenyewe. Collingwood, kama ilivyoripotiwa sana siku zile, walikuwa wamesukuma malipo mengi mbele, halafu ikaja korona, kikomo cha msimu wa 2021 kikateremshwa kwa asilimia 9. Deni likabisha hodi. Ndani ya siku hizohizo wakamtoa Jaidyn Stephenson, kijana aliyekuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi nzima mwaka 2018, na Tom Phillips wakamwachia kwa Hawthorn kwa zamu namba 65, ambayo ni karibu na sadaka.

Treloar hakutaka kwenda. Alisema hivyo hadharani. Mwenzi wake, mchezaji wa netiboli, alikuwa amesaini kwenda kucheza Queensland na mtoto wao mchanga, na klabu ikayaingiza hata hayo kwenye maelezo yake ya kwa nini mabadiliko yangemfaa. Nakumbuka yule kaka akitikisa kichwa kwa jambo hilo kuliko yote. "Mambo ya nyumba ya mtu," alisema, "yanaingiaje kwenye hesabu?"

Dakika za mwisho kabisa jina likatangazwa. Treloar kaenda Western Bulldogs. Walichopata Collingwood ndani ya mabadilishano hayo, kikubwa chao, ni zamu namba 14, na wakakubali kuendelea kulipa sehemu ya mshahara wake akiwa amevaa jezi ya watu wengine. Kaka akazima redio. Tukarudi kwenye maboksi.

Nilipokuwa nasukuma troli usiku ule nilibaki na swali moja. Kama mtu ana mkataba wa miaka mitano na hataki kuondoka, imewezekanaje? Jibu nililipata siku zilizofuata, na ndilo lililonifanya niupende mchezo huu kabla hata sijajua kuhesabu magoli yake: haiwezekani bila sahihi yake. Kule Marekani mchezaji wa kikapu anaweza kuamka asubuhi akaambiwa kauzwa jana usiku, apande ndege. AFL haiko hivyo. Mchezaji mwenye mkataba hahamishwi mpaka akubali na kutia sahihi. Treloar angeweza kukaa. Lakini fikiria kukaa mahali ambapo kila aliye juu yako amekwisha kukuonyesha mlango. Alisaini. Sahihi ilikuwa yake, na mkono uliomsukuma haukuandikwa popote.

Nililielewa vizuri kwa sababu ya mkataba wangu mwenyewe. Wakati ule sikuwa nimeajiriwa na ghala, nilikuwa chini ya wakala wa ajira. Ijumaa moja saa nne usiku nikapata ujumbe wa simu: kuanzia Jumatatu unahamia ghala jingine, upande wa pili wa jiji. Treni mbili na basi moja. Nilipiga simu, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba nilisaini karatasi siku ya kwanza, na karatasi ile inatosha. Nilihudhuria huko miezi minne, kisha wakanirudisha kwa ujumbe mwingine wa mstari mmoja. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema wachezaji hawa wamedeka, wanalipwa mamilioni halafu wanaulizwa kama wanataka kuhama, mimi huwa upande wa wachezaji moja kwa moja. Kuulizwa si anasa. Kila anayefanya kazi angepaswa kuulizwa.

Nao hawakuulizwa tangu mwanzo. Zamani ligi, ikiitwa bado VFL, ya jimbo la Victoria, iliwagawa vijana kwa maeneo: ukizaliwa mtaa fulani wewe ni wa klabu fulani, na kuondoka kunahitaji kibali cha klabu hiyo. Mwaka 1982 South Melbourne ilihamishiwa Sydney, mbali huko, jimbo jingine. Mchezaji mmoja kijana, Silvio Foschini, hakutaka maisha ya Sydney. Alitaka kuchezea St Kilda, hapahapa Melbourne. Akanyimwa kibali. Akaenda Mahakama Kuu ya Victoria, na mwaka 1983 jaji akasema kanuni zile za ligi zinamzuia mtu kufanya kazi yake isivyo halali.

Kijana mmoja anayetaka kubaki karibu na kwao akaangusha ukuta mzima. Ligi ikaingiwa na hofu, kwa haki, kwa sababu klabu kadhaa zilikuwa zinazama kwenye madeni na sasa tajiri angeweza kumchukua amtakaye. Kikomo cha mishahara kikaja katikati ya miaka ya 1980, drafti ya kwanza ikafanyika 1986. Kwa hiyo hivi vitu viwili, ambavyo leo wenyeji huvieleza kama vilishuka na mvua, vilijengwa juu ya kifusi cha kesi ile.

Ukiniuliza, drafti nayo ni kizuizi, na mahakama haijawahi kuwa rafiki wa vizuizi. Wenzao wa ligi ya ragbi walijaribu drafti yao, wachezaji wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 ikafutwa. Ya AFL imesimama kwa kuwa chama cha wachezaji, kilichoanzishwa 1973, kinakaa mezani na ligi na kukubaliana yote kwa pamoja: kikomo, drafti, muda wa mikataba, likizo. Makubaliano ya 2023 hadi 2027 yalikuwa ya dola bilioni 2.2 na kwa mara ya kwanza yakawaweka wanaume na wanawake kwenye hati moja. Wachezaji wamekubali kufungwa kamba wakiwa wadogo, ili wafunguliwe wakikua.

Kufunguliwa kwenyewe kulichukua muda. Mpaka 2012 mkataba wako ukiisha bado ulikuwa huwezi tu kuondoka. Klabu mbili zilipaswa kukubaliana, na zisipokubaliana unarudi kwenye foleni ya drafti na watoto wa miaka 18. Luke Ball alifanya hivyo 2009. Alitoka St Kilda, akasema wazi anataka Collingwood, klabu hazikuelewana, akajitupa kwenye drafti. Klabu baada ya klabu zikapita bila kutaja jina lake mpaka Collingwood wakafikiwa, zamu namba 30. Mwaka uliofuata fainali ikawakutanisha haohao, Collingwood na St Kilda, wakatoka sare, ikarudiwa wiki moja baadaye tarehe 2 Oktoba 2010, na Collingwood wakashinda 108 kwa 52, Ball uwanjani na medali shingoni.

Tangu 2012 kuna uhuru wa aina mbili. Ukitumikia klabu moja miaka 8 mkataba ukaisha, u mchezaji huru. Lakini ukiwa kwenye robo ya juu ya mishahara ya klabu yako, uhuru wako una kamba: klabu yako inaweza kusema tutamlipa kile kile mnachompa, na hapo wanaokutaka inabidi watoe zamu. Miaka 10 ikitimia kamba inakatika. Klabu inayopoteza mchezaji huru haiachwi mikono mitupu pia. Ligi huiongezea zamu ya fidia, kubwa au ndogo kulingana na mkataba mpya wa aliyeondoka.

Mfano wa uhuru huu wanaoupenda kuusimulia ni Lance Franklin, aliyetoka Hawthorn kwenda Sydney mwaka 2013 kwa miaka 9 na dola milioni 10. Mimi navutiwa zaidi na ile wiki ya Novemba 2020, kwa sababu kila kanuni ilijitokeza na sura ya mtu. Jeremy Cameron alitaka kwenda Geelong. Klabu yake, GWS, ikavuta kamba, ikasema tunalipa sawa, na Geelong wakalazimika kutoa zamu tatu za raundi ya kwanza ndani ya mabadilishano. Mwaka 2022 akawapa ubingwa.

Halafu kuna Essendon. Mwaka 2019 mshambuliaji wao Joe Daniher, ambaye hata baba yake aliichezea klabu hiyo, aliomba kwenda Sydney. Ana mkataba wa mwaka mmoja zaidi, Essendon wakakataa. Ni haki yao, mkataba unawafunga wote wawili. Mwaka ukaisha, naye akaondoka kama mchezaji huru kwenda Brisbane, na Essendon wakapata zamu namba 7 ya fidia. Wiki hiyohiyo Essendon walikuwa wanamtaka Josh Dunkley wa Western Bulldogs, aliyeomba kuhamia kwao akiwa na mkataba hadi 2022. Bulldogs wakakataa. Mkuki ukawa kwa binadamu. Dunkley akarudi kazini, akacheza miaka yake miwili bila makelele, kisha naye akaenda Brisbane. Septemba 2024 Brisbane walipochukua ubingwa, Daniher na Dunkley walikuwa uwanjani pamoja, watu wawili waliowahi kuambiwa hapana.

Na Treloar? Mwaka 2021 alicheza fainali na klabu mpya, wakashindwa. Mwaka 2024 akaingia kikosi bora cha ligi kwa mara ya kwanza maishani. Collingwood wenyewe walichukua ubingwa 2023. Kwa hiyo kila mmoja alipata chake, na wapo wanaosema basi mambo yaliisha vizuri. Mimi bado namkumbuka yule kaka chini ya redio.

Kaka huyo ana mtoto wa kiume. Jioni ile ya 2020 alikuwa wa miaka 13, mrefu kama mlingoti, hana habari na mpira wa miguu tunaoujua sisi. Leo ana miaka 18 na jina lake linatajwatajwa kwenye mechi za vijana. Mwaka huu baba yake alinipigia simu Jumapili mchana. "Dada, njoo nyumbani. Wewe ndiye unayesoma mikataba."

Walikuwa jikoni. Chai ya maziwa mezani, mama yuko jikoni hapohapo anakunja chapati, na kompyuta imefunguliwa kwenye fomu ya kujiandikisha drafti. Nikaisoma yote, mara mbili. Zipo njia za kijana kubaki karibu na kwao: ile ya baba wa mechi 100, na ile ya akademi za klabu kwa watoto ambao mzazi wao alizaliwa Afrika au Asia. Huyu hakuwahi kuingizwa akademi yoyote. Kwa hiyo kwake foleni ni foleni. Anayejiandikisha anakuwa amekubali klabu yoyote itakayomtaja, iwe Melbourne, Adelaide, Brisbane au Perth. Hiyo ndiyo sahihi ya kwanza, na ndiyo pekee ambayo haimwachii nafasi ya kukataa mahali.

Nikamweleza baba hivyo, polepole. Akanyamaza. Najua alikuwa anafikiria fomu nyingine, kwa sababu aliwahi kunisimulia: fomu ya makazi mapya waliyojaza Kakuma, iliyokaa miaka kabla ya kujibiwa, ambayo nayo haikuuliza unataka nchi gani. Familia yake iligawanyika kwa fomu ile. Dada yake mmoja yuko Nebraska, mmoja alibaki.

Kijana akawa anamtazama babaye, mikono juu ya kibodi.

"Perth ni mbali?" baba akaniuliza.

"Saa nne kwa ndege, kaka."

Akahesabu kwa vidole, nadhani alikuwa anahesabu basi la kutoka Kakuma hadi Nairobi, usiku ule wa vumbi aliowahi kunisimulia pia, na askari wa barabarani kila mahali wakiomba karatasi.

"Saa nne," akasema, akamsogezea mwanawe kompyuta. "Andika jina lako lote. Na la babu."